Barua ya wazi kwa kamati ya mechi za jioni: sitatia sahihi karatasi ya faini

Kwa mzee mwenyekiti, makapteni wote wawili, na kijana anayeshika ufunguo wa stoo ya vizibao, ufuoni, Malindi.

Assalaam aleikum. Na wale wa salamu nyingine, hamjambo nyote.

Nimeisoma karatasi mliyoipigilia msumari kwenye ule mvinje tunaotundikia nguo. Inasema kuanzia mwezi ujao atakayepigana kwenye mechi zetu za mpira za jioni atatoa shilingi 500, atakayetukana atatoa 200, na asiyelipa asikanyage mchanga wa uwanja. Chini mmeacha nafasi ya sahihi, na kalamu mmeifunga kwa uzi wa kuvulia. Mpaka napita mimi hakuna aliyetia sahihi, ila kuna mtu amechora jahazi zuri sana.

Nami sikutia. Msidhani napenda vurugu. Siku ya ugomvi wa mwisho nilitenganisha mpaka nikapigwa na pande zote mbili, na uvimbe wa kidole hiki ninachoandikia ni shahidi. Nimekataa kwa sababu naona mmeshika mkia wa nyoka, kichwa mmekiacha. Wiki hii ni ya bamvua, maji yanajaa alasiri na uwanja haupo, kwa hiyo watu wametulia na nafasi ya kuzungumza ipo. Maji mafu yakirudi na mchanga ukawa wazi jioni, mtakuwa mmeshaanza kukusanya pesa, na mtu akishakuwa na deni hasikilizi tena.

Mjini mnanijua kama fundi wa friji. Ufuoni mnanijua kama kipa wa zamu, yule anayesimama langoni wenye magoti mazima wakikataa. Msilolijua ni kwamba adabu ya mechi isiyo na refa nilifundishwa juu ya barafu. Chekeni kwanza, halafu tuendelee. Hata hivyo mji wetu wenyewe una uwanja unaoitwa Alaskan, na hakuna aliyewahi kutuuliza barafu iko wapi.

Nilikaa Nairobi miaka kadhaa nikitengeneza majokofu. Kule barabara ya Mombasa kuna hoteli ya Panari, na mwaka 2005 ndani yake kilifunguliwa kiwanja cha barafu cha kutelezea. Kwa mtu wa Malindi barafu ni ya kumlazia nguru asiharibike kabla hajafika sokoni. Niliposikia kuna watu wanalipa ili waikanyage, nilikwenda kuona kwa macho yangu, na kusema kweli nilifuata mitambo. Viwanja vya namna ile vina mabomba yaliyotandazwa chini, ndani yake unapita ubaridi mkali kuliko ule wa maji kuganda, na juu yake barafu hujengwa tabaka kwa tabaka mpaka ifike unene wa sentimita tatu hivi. Sentimita tatu tu! Mimi nilidhani ni kina cha kisima. Barafu ya hoki hupozwa mpaka nyuzi tano au sita chini ya sifuri, maana ikilainika vyuma vya viatu huichimba. Mchezo wenyewe ulinikuta hapo hapo, nimeinama natafuta kompresa iko upande gani.

Hoki ya barafuni ni watu sita kila upande pamoja na kipa, na magongo, na badala ya mpira kuna kisahani cheusi cha mpira mgumu, upana sentimita saba na nusu, uzito kama gramu 160, ambacho hugandishwa kabla ya mechi ili kisidunde. Kikikupata mahali pasipo na kinga utalikumbuka jina la mama yako. Pale walikuwa wakicheza Wakanada na Wamarekani waliokuwa na kazi zao Nairobi, pamoja na vijana wetu wa Kenya. Katika mechi za namna hiyo ndimo ilimozaliwa timu ya Kenya Ice Lions, ambayo mwaka 2018 ilialikwa Canada, na huko Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, ambao kwa hoki ni kama kutaja mafundi wakubwa wa soka, wakavaa jezi na kucheza upande wao. Mwaka 2024 Kenya ikapokewa kuwa mwanachama mshirika wa shirikisho la dunia la mchezo huo.

Lakini angalieni jambo moja katika habari hiyo, maana ndilo lililonifanya niandike. Wale vijana hawakuwa na timu nyingine nchini ya kucheza nayo. Timu ilikuwa moja. Kila jioni waligawana wenyewe kwa wenyewe, wakacheza, kesho wakagawana tena. Unayemkaba leo kesho ndiye anayekupa pasi, na ukimvunja mguu leo, kesho mmepungukiwa na mtu na hakuna pa kumwagiza mwingine. Nasi hapa, ukiwaondoa wageni wa Desemba na wale shemeji wanaokuja kwa sikukuu, tu watu thelathini hivi. Wale wale. Tunakutana sokoni, msikitini, kwenye foleni ya hospitali na kwenye matanga. Mnatulinganisha na ligi, mkatutungia faini za ligi, na sisi si ligi.

Mimi sikuwa wa kiwango cha Ice Lions. Nilikuwa wa zile jioni za yeyote aje, ambazo Wakanada huziita shinny. Jioni yangu ya kwanza kila aliyefika alivaa, akaingia, akalitupa gongo lake katikati. Yakawa rundo. Mtu mmoja akapiga magoti, akajishushia kofia machoni, akawa anaokota magongo mawili mawili, moja analisukuma kulia, jingine kushoto, mpaka rundo likaisha. Kila mtu akaenda kulitafuta la kwake. Lilipoangukia ndipo penye timu yake. Hakuna aliyeitwa wa kwanza wala aliyebakizwa wa mwisho kama embe lenye funza. Upande mmoja ukizidiwa, baada ya mabao mawili matatu hubadilishana mtu au wawili, na mara nyingi anayetoa wazo hilo ni wa upande unaoongoza. Mimi nilikuwa nikianguka kila hatua ya tatu. Kuna wakati nilisimama karibu na lango kwa sababu sikujua jinsi ya kuondoka pale, wao wakaona nimejipanga vizuri, wakaniletea pasi. Nilikosa, bila shaka. Wakaleta nyingine.

Sasa tuje kwetu. Saa kumi makapteni wawili husimama mbele ya watu na kuita majina. Mnajua na mimi najua kwamba wakati mwingine yameshapangwa kwenye simu tangu mchana. Watu wanne wenye kasi wanakwenda upande mmoja kwa kisingizio kwamba "tumezoeana", na upande wa pili unapewa waliobaki: fundi wa friji, babu wa Maweni anayesema zamani alipiga kanzu mabeki wa Mombasa, watoto wa shule, na yule anayechukuliwa kwa maneno "haya, mpeni huyu basi". Halafu mnashangaa ugomvi unatoka wapi.

Ule wa mwisho mliutolea hukumu kwamba ulianza na faulo karibu na kona. Mimi nilikuwa langoni, nikauona tangu mwanzo. Ulianza saa kumi na dakika tano, mlipokuwa mnaita majina. Tulikuwa tumefungwa saba kabla jua halijagusa minazi, na mtu aliyefungwa saba hautafuti mpira tena, anatafuta mguu. Aliyepiga teke alifanya kosa, bila shaka, wala simtetei. Lakini hata mngemtoza elfu tano, jioni iliyofuata mngepanga vile vile, na teke lile lile lingepata mguu mwingine.

Kuna watakaosema, wewe unatuletea adabu ya hoki, na hoki tunaiona kwenye simu, watu wanavua glavu na kuchapana mpaka barafu inakuwa nyekundu. Ni kweli. Katika ligi kubwa ya kule Marekani na Canada, wakipigana hutolewa dakika tano na kuwekwa kwenye kibanda cha adhabu, kisha wanarudi kucheza. Ile ni bei, na kwa kuwa bei inajulikana, kuna wanaoilipa kwa hiari. Katika mechi ya yeyote aje hakuna kibanda wala refa wa kumpeleka mtu huko, na kwa hivyo ngumi huwa hazina mahali pa kulipiwa. Ukipigana, watu wanachukua magongo yao. Mechi imekwisha kwa wote na wewe ndiye uliyeimaliza. Hata kumkumba mtu kwa bega, ambako wanaolipwa wanaruhusiwa, pale hakuna. Watu wana kazi kesho asubuhi.

Kwa hiyo naomba muifikirie tena hiyo 500. Kati yetu yuko ambaye pesa hiyo ni mafuta ya pikipiki ya asubuhi moja, na yuko ambaye ni unga wa siku mbili. Mmeipa ngumi bei, na mwenye nazo ataweza kununua mbili. Na hiyo 200 ya matusi, nani atakayeamua lipi ni tusi? Sisi ni watu wa Pwani. Mtu anaweza kukutukana kwa beti mbili za mizani sawa, ukacheka, ukamshukuru, ukafika nyumbani ndipo ukaelewa.

Nirudi langoni, maana ndipo moyo wangu ulipo na ndipo palipoharibika zaidi.

Mnamkumbuka kijana mwembamba aliyekuja mwezi uliopita, wa shule, kama miaka kumi na mitano, amevaa glavu za kufyekea za kaka yake? Alikuja siku tatu mfululizo akakaa kwenye ile mashua iliyopinduliwa, haombi, anatazama. Siku ya nne mkamwita. Furaha ile, wallahi, ingetosha kumlipia ada. Mkamwambia akae langoni kwa sababu ni mdogo na hakuna anayetaka. Kabla mechi haijaanza, katika ile fujo ya kupasha misuli moto, watu watatu wakampigia kwa pamoja, mpira umelowa maji ya bahari na uzito wake ni wa nazi. Alikuwa ameinama kuokota wa kwanza. Wa pili ukampata sikioni kutoka hatua nne. Akakaa kwenye maji. Watu wakacheka. Mmoja, mtu mzima mwenye watoto, akasema kipa lazima awe na roho ngumu.

Akainuka akacheza. Akafungwa tisa, na kila bao alisomewa jina la ukoo wake. Alipoondoka alisahau glavu, na hakurudi. Sasa ichukueni ile karatasi yenu ya kwenye mvinje mumwekee juu yake. Nani angelipa? Hakuna aliyepigana jioni ile. Matusi yalikuwa ya kawaida, yale ambayo hata mzee mwenyekiti huyatumia mpira ukipotea majini. Kwa hesabu ya karatasi, ile ilikuwa jioni njema.

Kule kwenye barafu, jambo la kwanza ambalo mgeni huambiwa, kabla hata hajafunga viatu, linamhusu kipa. Huruhusiwi kuinua gongo nyuma mpaka begani ukapiga kwa nguvu zote. Katika mechi za jioni mkwaju huo haupigwi kabisa, kwa sababu hapana sifa yoyote ya kumtoboa mtu ambaye kesho anafungua duka. Kipa akiwa hajakutazama, hupigi. Wakati wa kupasha moto unampigia chini, kwenye kinga za miguu, mpaka mwili wake uamke. Ukija mbio na kufunga breki mbele yake usimrushie chembe za barafu usoni. Na viwanja vikikodiwa kwa saa, wote wanachanga isipokuwa yeye. Kipa huingia bure. Nilipouliza kwa nini, nilijibiwa kwa swali: unataka kukaa wewe?

Hata hao wanaolipwa walichelewa kujifunza. Mpaka tarehe 1 Novemba 1959 karibu makipa wote wa ligi yao walikuwa wakisimama uso mtupu mbele ya kile kisahani cha mpira. Siku hiyo, New York, Jacques Plante wa timu ya Montreal alipigwa usoni na mkwaju wa Andy Bathgate, akapelekwa ndani akashonwa, na aliporudi alikuwa amevaa barakoa ambayo alikuwa akiitumia mazoezini tu, kwa kuwa kocha wake hakupenda aivae kwenye mechi. Mtazamo wa wakati ule ulikuwa kwamba kipa wa kweli haogopi. Maneno ya yule mtu mzima wetu, basi, yana umri mrefu. Leo hakuna kipa wa hoki anayeingia bila barakoa, na hakuna anayemwita mwoga.

Wala sisemi mtununulie barakoa. Nasema mpira wa kupasha moto upigwe chini, mmoja baada ya mwingine, na atakayempiga kipa ambaye hajajiandaa aende akakae yeye langoni nusu saa nzima. Hiyo haihitaji kitabu cha risiti.

Jambo la zamu nalo. Kwenye hoki, ukimwacha kipa, hakuna anayecheza mechi nzima bila kutoka. Wenye kulipwa hukaa kiwanjani chini ya dakika moja, wanatoka wanahema, wengine wanaingia mchezo ukiendelea. Jioni za mtaani inaweza kufika dakika mbili. Utamu ni kwamba hakuna anayekutoa. Unatoka mwenyewe kabla hujaitwa, na anayejifanya hakusikia anajulikana, na safari ijayo hapati mtu wa kumpigia simu kwamba kuna mechi. Sisi tuna sheria ya mshindi abaki, aliyefungwa atoke. Sheria hiyo ingekuwa njema kama timu zingegawanywa kwa haki. Kwa mgawanyo wetu, maana yake ni kwamba watu saba wanacheza kuanzia saa kumi mpaka magharibi, na watoto wanakaa kwenye mashua mpaka maji yanawalowesha miguu, wanarudi nyumbani hawajagusa mpira. Mtu ananiambia "asiyekubali kushindwa si mshindani", kama ilivyo kwenye khanga. Ni kweli, bibi yangu alikuwa nayo. Lakini methali hiyo inamsema anayefungwa, na wetu wanaofungwa wamekubali siku nyingi. Wanaonishughulisha mimi ni wanaoshinda.

Na hatuna muda wa kuchezea. Kwenye barafu saa ikiisha huingia gari la kulainisha, aina iliyobuniwa na Frank Zamboni kule California mwaka 1949. Linakwangua, linamwaga maji ya moto, barafu inabaki kama kioo, na hata kama mna sare mnatoka. Sisi gari letu ni bahari. Inafuta nyayo zote bure, usiku na mchana, na haijawahi kumwongezea mtu dakika za majeruhi. Kwa hiyo tusipogawana ule muda kati ya kupwa na kujaa, hakuna wa kumlalamikia.

Mambo mengine nayapitia haraka. Ile tabia mpya ya kuwekeana mia mia kila mtu imefanya mechi ya kujinyoosha iwe kesi. Ikomesheni, au mbaki na soda kama zamani. Mtalii wa Kiitaliano akiomba kucheza, mpeni pasi na mumkabe kama mtu, msimfanye kikaragosi, na tafadhali msimwuzie safari ya boti mpira ukiwa mchezoni. Nimeona kona ikichelewa kwa sababu mpigaji alikuwa anataja bei. Na mwisho wa mechi watu wapeane mikono. Kule Canada hata mfululizo mkali wa mchujo, wa kuvunjana meno, ukiisha timu mbili hujipanga mstari na kupeana mikono mmoja mmoja. Sisi tunaondoka kila mtu na ndoo yake kama tumefumaniwa.

Najua kapteni mmoja atasema, kama alivyoniambia kibarazani, kwamba adabu ni ya wasiojua mpira, na anayejua lazima awe na makali. Nilimpa jibu hili na ninalirudia. Ligi ile ile ya ngumi inatoa tuzo inayoitwa Lady Byng, kwa mchezaji mwenye uungwana uwanjani na kiwango cha juu kwa pamoja. Aliyeianzisha mwaka 1925 alikuwa mke wa Gavana Mkuu wa Canada. Frank Boucher aliipata mara saba mpaka akaambiwa aichukue moja kwa moja na kikatengenezwa kikombe kingine. Wayne Gretzky, anayetajwa na wengi kuwa bora kuliko wote waliowahi kucheza, aliipata mara tano. Kapteni akaniuliza Gretzky anacheza wapi siku hizi. Nikamwambia amestaafu. Akasema, basi.

Ombi langu, wazee wangu, ni jepesi na halihitaji mkutano wa saa nne. Ing'oeni ile karatasi. Mwenye jahazi arudishiwe mchoro wake. Acheni kuita majina. Kila anayekuja atupe kandambili moja katikati, na mzee mwenyekiti, kwa heshima yake, afunikwe macho kwa kizibao na kuzigawa moja moja huku na huko. Hakuna atakayeiba mchezo huo, maana hajui kandambili ya nani ni ipi, ingawa nakiri za babu wa Maweni zinajulikana kwa harufu. Tena ina faida ya pili: mtu aliyetoa kandambili moja haondoki kwa hasira katikati ya mechi, hawezi kwenda mbali na mguu mmoja kwenye mchanga wa saa kumi. Mabao yakizidi matatu, wenye kuongoza watoe mtu. Timu ikicheza mara mbili mfululizo ikae, hata kama imeshinda. Makapteni wabaki makapteni, sitaki kumvua mtu cheo. Ila kazi yao iwe kuangalia nani kwenye mashua hajaingia, na kumwita kwa jina lake. Kazi hiyo ni kubwa kuliko kuchagua.

Jaribuni kwa muda wa maji mafu haya tu. Mkiona haifai, nitakuja mwenyewe na msumari na nyundo tuirudishe karatasi, na sahihi ya kwanza itakuwa yangu.

Glavu za yule kijana ninazo dukani. Moja ilikuwa imefumuka kidole gumba, nimeishona kwa uzi wa nailoni. Nimejua kwao ni wapi, na siku maji yatakapokuwa nje kufikia saa kumi nitapita kumchukua kwa pikipiki, tukiwa na kandambili zetu. Zangu msizishangae: moja ni ya bluu na nyingine nyeusi, kwa sababu kuna mtu aliondoka na moja ya kila pea siku ya ugomvi, na bado sijamjua.

Wenu,
Kipa wa zamu

Nakala: yeyote aliyechora lile jahazi